Moshi wa Jikoni na Historia ya Dohani



Katika kikao cha afya cha bloku yetu tulizungumza juu ya moshi wa jikoni. Nilieleza jinsi unavyoleta kikohozi, macho kuwasha, na hata nimonia kwa watoto wadogo. Mzee mmoja akainua mkono, akasema: "Mwanangu, mimi nilizaliwa kwenye moshi na baba yangu alizeekea kwenye moshi. Moshi unakausha miti ya nyumba na kufukuza mchwa. Hayo mabomba ya moshi ni mambo ya Wazungu, wenzetu hawakulelewa kama sisi." Watu walicheka sana. Siku ile sikuwa na jibu la maana. Baadaye nilisoma, na nimeona jibu lifike kwa wote: Wazungu nao walilelewa kwenye moshi, na wazee wao walisema karibu maneno yale yale.

Tuchukue Uingereza. Kwa mamia ya miaka nyumba ya mkulima wa huko ilikuwa na moto katikati ya sakafu, bila dari. Moshi ulipanda, ukajaa chini ya paa la nyasi, kisha ukatoka polepole kwa kupenya kwenye nyasi au kwenye tundu. Watu walikaa chini kwa sababu huko chini ndiko kulikuwa na hewa kidogo. Hata mabwana wakubwa walikula chakula katika kumbi za namna hiyo. Mpaka leo, katika nyumba kadhaa za kale zilizobaki, mbao za juu ni nyeusi tii kwa masizi. Sioni tofauti kubwa na jikoni kwa bibi yangu.

Dohani, yaani bomba la kutolea moshi lililojengwa pamoja na nyumba, lilionekana huko katika ngome za wakubwa miaka ya 1100. Lilipita ndani ya ukuta wa mawe. Mtu wa kawaida alisubiri muda mrefu, maana mawe na matofali yalikuwa ghali. Ni katika miaka ya 1500 ndipo dohani zilipoenea vijijini. Mchungaji mmoja, William Harrison, wa kijiji cha Radwinter katika jimbo la Essex, aliandika juu ya jambo hilo katika kitabu kilichochapwa mwaka 1577. Anasema wazee wa kijiji chake walishangaa kuona dohani nyingi hivyo, kwa kuwa katika ujana wao miji mingi ya mashambani ilikuwa na mbili au tatu tu. Halafu anaeleza imani ya zamani: kwamba moshi uliimarisha mbao za nyumba, na tena ulikuwa dawa ya kumkinga baba wa nyumba na jamaa yake na mafua. Niliposoma hapo nilimkumbuka mzee wetu, nikacheka peke yangu.

Na mzee hakukosea kila kitu. Ni kweli moshi hufukuza wadudu wanaokula miti na nyasi za paa. Lakini mapafu ya mtoto si mti. Na kwa upande wa malaria, moshi hauwezi kuchukua nafasi ya chandarua.

Je, dohani inafanyaje kazi? Hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi, kwa hiyo hupanda. Ikipata njia nyembamba ya kwenda juu, hupanda kwa nguvu na kuvuta moshi nyuma yake. Lakini lazima hewa nyingine iingie kwa chini. Ukiziba kila mahali, moshi utarudi ndani. Hata Waingereza walihangaika na dohani zao zilizotapika moshi sebuleni, mpaka Benjamin Thompson, aliyejulikana kama Count Rumford, alipoandika mwaka 1796 kwamba sehemu ya kuwashia moto ilikuwa pana mno. Aliipunguza, akalifanya koo la dohani kuwa jembamba, na moshi ukapanda vizuri.

Hatari ya moto ilikuwa jambo jingine. Watu maskini walijenga dohani kwa miti na udongo, nazo ziliungua. Kanuni za mji wa London, zilizokusanywa katika kitabu cha mwaka 1419, zilikataza dohani za mbao. Kisha ikaja kodi. Kuanzia mwaka 1662 serikali ilidai shilingi 2 kwa mwaka kwa kila sehemu ya moto ndani ya nyumba. Watu waliichukia, wengine wakaziba meko yao ili wasihesabiwe. Katika kijiji cha Churchill, mwaka 1684, inasimuliwa kwamba muoka mikate mmoja alitoboa ukuta akaunganisha tanuru lake na dohani ya jirani ili kukwepa kodi hiyo. Moto ulizuka, ukateketeza nyumba zipatazo 20, na watu 4 wakafa. Kodi ilifutwa mwaka 1689.

Kuna jambo linaloniuma zaidi katika historia hii. Masizi yakijaa, dohani huziba au hushika moto, hivyo lazima isafishwe. Waingereza walitumia watoto maskini, wadogo kiasi cha kupita ndani ya bomba. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott alieleza kwamba wasafisha dohani walipata saratani ya mfuko wa korodani kwa sababu ya masizi. Sheria zilitungwa na kupuuzwa, hadi mtoto George Brewster alipofariki mwaka 1875 baada ya kukwama ndani ya dohani. Mwaka huohuo ikapita sheria kali iliyokomesha kazi hiyo.

Tena dohani haiui moshi, inauhamisha tu. Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe ulitanda juu ya London kwa siku 5. Watu wapatao 4,000 walihesabiwa kuwa wamekufa, na makadirio ya baadaye yalifika 12,000. Ndipo mwaka 1956 ikatungwa sheria ya hewa safi.

Turudi kwetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 wa chini ya miaka 5. Wengi wetu hatuna matofali wala bati la kutosha kujenga dohani. Tafadhali usipitishe bomba la moto kwenye turubai au nyasi kwa kubahatisha. Yale ya dohani za miti yatatupata hata sisi. Waone kwanza wahusika wa makazi.

Lakini hewa tunaweza kuipa njia. Acha tundu juu ya ukuta, upande unaoelekeana na mlango, na mlango uwe wazi unapopika. Kuni zikauke kabisa, na sufuria ifunikwe ili chakula kiive upesi. Akina mama, mtoto asiwe mgongoni wakati unapuliza moto. Mpe dada yake au jirani amshike nje. Jiko la makaa lisiingizwe kamwe chumba cha kulala usiku kwa ajili ya baridi. Makaa hayatoi moshi mwingi, ila hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Mtoto anayepumua haraka haraka, au ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, apelekwe zahanati saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Nilimsomea mzee habari za Harrison. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama wale wazee wa Radwinter nao walikohoa kama yeye. Siku hizi mafiga yake yako nje chini ya mwembe, isipokuwa mvua ikinyesha.