Msomi wa Michezo: Kazi Gani Hiyo?

Tuseme kijana mmoja wa Kanazi, huko Ngara, amerudi nyumbani kwa likizo kutoka chuo kikuu. Jioni, baada ya chakula, baba yake amwuliza, "Mwanangu, huko chuoni wasomea nini hasa?" Kijana ajibu, "Baba, nasomea elimu ya michezo." Mzee anyamaza kidogo, amtazama mama, kisha asema, "Tumeuza kahawa, tumeuza na mbuzi, ili wewe ukajifunze kucheza? Kwani kucheza hukujua hapa kijijini?"

Ndugu wasomaji, tusimcheke mzee huyu. Wengi wetu tungesema kama yeye. Twajua kazi ya daktari, twajua kazi ya mwalimu na ya bwana shamba. Lakini mtu anayetumia maisha yake yote kuchunguza michezo ya shule, huyo anafanya nini? Yafaa tueleze.

SI KUCHEZA, NI KUULIZA

Msomi wa namna hii hapimwi kwa mabao aliyofunga. Kazi yake ni kuuliza maswali na kuyatafutia majibu ya kweli. Serikali imeagiza nini juu ya mazoezi ya viungo shuleni? Nani aliamua hivyo, na kwa sababu gani? Katika ratiba mna vipindi vingapi? Je, vipindi hivyo hufundishwa, au vimeandikwa tu ukutani? Watoto gani huachwa pembeni? Ili apate majibu hufunua hati za zamani, huketi na walimu na kuwasikiliza, husimama kando ya kiwanja na daftari lake, huhesabu, halafu huandika.

Mmoja wa wasomi hao ni Dakta Hamad Ndee wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2010 jarida moja la kimataifa la historia ya michezo lilitoa mfululizo wa makala zake juu ya Tanzania. Alianza mbali, katika ngoma na mazoezi ya Wabantu kabla wageni hawajafika; maana watu wa nchi hii hawakungoja shule ili waanze kuufundisha mwili. Kisha akaeleza jinsi Wajerumani walivyoleta jimnastiki ya kwao, yenye amri na utaratibu. Wakafuata Waingereza na michezo ya timu waliyoizoea katika shule zao za bweni, wakiamini kwamba uwanjani ndiko tabia ya kijana inakojengwa. Wamisionari nao walikuwa na sehemu yao. Baada ya Uhuru, serikali yetu ikaitumia michezo kujenga taifa, na mwaka 1967 ikatungwa sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa.

Habari hizo zina faida gani kwa mzazi? Zamwonyesha kwamba kila aliyewapeleka watoto uwanjani alikuwa na nia yake. Basi na mzazi wa leo ana haki ya kuuliza: mwanangu anafundishwa michezo kwa nia gani?

MTUNGI WENYE UFA

Huko Uingereza nako kuna bibi mmoja msomi, Dawn Penney, aliyeifanya kazi hii kwa miaka mingi, kwao na baadaye Australia na New Zealand. Mwaka 1988 Uingereza ilitunga sheria ya kuweka mtaala mmoja kwa shule zote za serikali, na mwaka 1992 ukatolewa mtaala wa mazoezi ya viungo. Bibi Penney na mwenzake John Evans walilifuata agizo hilo hatua kwa hatua, kutoka kwa wakubwa hata kwa mwalimu, na mwaka 1999 wakatoa kitabu.

Waliona kwamba agizo halifiki kama lilivyotoka. Kila anayelipokea huligeuza kidogo, kwa sababu ya fedha, au ya kiwanja, au ya mafunzo aliyoyapata, au kwa kuwa moyo wake haupo hapo. Ni kama mama anayepanda kilima na mtungi wenye ufa. Mtoni aliujaza hata ukingoni, lakini nyumbani afika na nusu yake.

Wala ufa huo si wa Uingereza peke yake. Mwaka 1978 UNESCO ilitangaza kwamba elimu ya mazoezi ya viungo na michezo ni haki ya kila mtu. Miaka 21 baadaye, mwaka 1999, mkutano wa dunia ulifanyika Berlin, na msomi Ken Hardman wa Manchester akaleta habari alizozikusanya katika nchi nyingi. Mara nyingi sheria ilikuwapo, lakini kipindi kilinyang'anywa na masomo mengine.

NA KWETU JE?

Katika mtaala wa shule za msingi wa mwaka 2005 lilikuwamo somo la Haiba na Michezo. Lakini halikuwamo katika mtihani wa darasa la saba, na somo lisilopimwa hukosa mtetezi. Mtihani ukikaribia, kipindi cha michezo hugeuzwa kuwa cha hesabu, na mzazi hanung'uniki. Tena, mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa kwa miaka kadhaa, ndipo yakarudishwa. Katika mtaala mpya, ulioanza kutumika mwaka 2024, limewekwa somo la Sanaa na Michezo. Mtungi umejazwa tena. Je, utafika na maji kiasi gani?

Hapa tusichanganye mambo mawili. Mashindano kama UMITASHUMTA ni mazuri, lakini huenda waliochaguliwa, wale wenye mbio na nguvu. Somo ni la wote: msichana mwenye haya, mtoto mnene, mtoto mwenye mguu mbovu, hata yule anayeukimbia mpira. Shule yenye kikombe cha fedha ofisini yaweza kuwa imewaacha watoto mia chini ya mti, wakiwatazama wenzao kumi na mmoja.

"MTOTO WANGU ACHOTA MAJI"

Mama mmoja atasema, "Mwanangu hupanda na kushuka vilima kila siku, huchota maji, hulima maharage. Mazoezi gani tena?" Neno lake lina uzito. Shirika la Afya Duniani lasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 yampasa kuushughulisha mwili kiasi cha dakika 60 kila siku, na watoto wengi wa vijijini huenda wanafikia kiasi hicho kwa kazi za nyumbani.

Lakini, mama, ndoo ya maji haimfundishi mtoto kushindwa bila kugombana, wala kutii mwamuzi, wala kumpa mwenzake nafasi. Mzigo huchosha viungo vile vile kila siku. Mazoezi yaliyopangwa vizuri huvinyosha vyote. Tena, mtoto anayepanda kilima leo, kesho huenda ataketi dukani au ofisini au juu ya pikipiki mchana kutwa. Asipojifunza mapema kuupenda mwendo wa mwili, ugonjwa wa kisukari na wa shinikizo la damu hauko mbali naye.

NJIA YA KIJANA

Kijana atakaye kazi hii sharti awe na subira. Katika mtihani wa kidato cha nne somo la elimu ya viungo lipo, ingawa si kila shule hulifundisha. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, chajulikana kwa kuwaandaa walimu wa michezo na sanaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Baada ya shahada ya kwanza huja ya pili, kisha udaktari, miaka mingi ya kusoma na kuandika pasipo kupigiwa makofi na mtu.

Nasi wazazi tuna kazi yetu. Katika mkutano wa shule tuombe kuiona ratiba, tuulize kama kipindi cha michezo hufundishwa. Tusaidiane kukifyeka kiwanja. Mpira wa majani ya mgomba watosha kuanzia. Na binti tusimwite nyumbani kuosha vyombo saa kaka yake anapocheza.

Basi, mzee wetu wa Kanazi, mwanao akirudi likizo nyingine usimwulize tena kama ameenda kujifunza kucheza. Mwulize hivi: "Mwanangu, kipindi cha michezo cha shule yetu hapa kilifundishwa wiki hii?" Ukimwona asubuhi ameshika daftari na kuelekea shuleni kutafuta jibu, ujue ada yako haikupotea.