Tuulinde Mgongo wa Mama

Katika Bukavu, mama huamka alfajiri akainama kufagia ua, akainama kupika, akainama kufua. Kisha hufunga kamba kwenye paji la uso na kubeba mzigo wa soko. Jioni mgongo ukimwuma, twasema: «Ni uzee,» au twatafuta mchawi. Wasomaji wapenzi, tutazame kwanza desturi za nyumba zetu.

Uti wa mgongo wa mtu mzima una pingili 24 zenye kujongea, nazo karibu zote zimetengwa kwa mito laini. Mtu akiinama bila kukunja magoti na kuinua ndoo mbali na mwili wake, kiuno huelemewa sana.

Basi ukitaka kuinua ndoo, isogelee, kunja magoti, ishike karibu na tumbo, ndipo usimame. Ukigeuka, geuza miguu, si kiuno. Lita 20 za maji ni kilo 20. Afadhali safari mbili za lita 10. Ufagio upate mpini mrefu, na beseni la kufulia liwekwe juu ya meza. Nawe mwanafunzi, usisome saa nyingi umejikunja. Simama, utembee kidogo. Mgongo ukiuma pamoja na homa, au miguu ikifa ganzi, usikawie kwenda hospitali.

Akina baba, mpini na meza ni kazi ya mikono yenu, na wavulana wenu wana nguvu za kuteka maji. Mtume Paulo aliwaagiza Wagalatia wachukuliane mizigo. Sisi tuanze na ndoo ya mama.