Mapumziko ya pwani ya Tanga na mteja wa Makorora

Mkazi wa Makorora akitaka kupumzika kando ya maji hana ziwa la kukimbilia. Lililo karibu ni Bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, nalo ndilo linalolisha mabomba ya jiji la Tanga, si mahali pa kuogelea. Basi safari huelekea baharini: Raskazone kwa jioni moja, na kwa siku nzima au mbili Pangani, Ushongo na kisiwa cha Maziwe, kiasi cha kilomita 50 na ushei kusini. Biashara ya mapumziko imekuwapo huko miaka mingi, ila imejengwa kwa ajili ya mgeni wa dola, na mgeni huyo haji mwaka mzima.

Masika yakiingia, hoteli kadhaa za ufukweni hufunga. Mteja wa Tanga ana msimu wake: Idi, Pasaka, Krismasi, na mwisho wa mwezi mshahara ukitoka. Tena hatoki peke yake. Ni akina mama wa kikoba, vijana wa mtaa, au ukoo mzima uliokutanishwa na harusi. Wanachangishana, wanakodi Kosta, pilau inapikwa alfajiri na kutiwa kwenye hotpoti. Wakifika, wanaambiwa chakula cha nje hakiruhusiwi. Mwenye hoteli anaona kundi la watu 30 lisilonunua kitu. Kundi nalo linaona menyu ambayo sahani moja inameza mchango wa mtu. Dawa, kwa maoni yangu, ni bei ya kundi: kiingilio cha kila kichwa kinachojumuisha kivuli, choo safi, maji baridi ya kujisuuza chumvi na soda moja. Pilau yao waje nayo. Samaki wa kuchoma waagizwe siku moja kabla, wanunuliwe kwa wavuvi wa palepale.

Kuna na suala la maji kujaa na kupwa, ambalo ndilo linaloitengeneza au kuiharibu siku. Maziwe ni eneo tengefu tangu 1975. Zamani kilikuwa na mivinje, na kasa walikuja kutaga kwa wingi. Mawimbi yakala ufukwe, miti ikaisha. Leo ni fungu la mchanga linalojitokeza maji yakipwa. Kwa hiyo tarehe ya safari huchaguliwa kwa kutazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, bahari katika pwani yetu hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi: mashua inang'oa nanga mapema, fungu liko wazi, watoto wanacheza mchangani. Wiki moja baadaye ni maji mafu, na saa nne hiyohiyo maji yamejaa. Nahodha wa Pangani anayajua haya kama jina lake. Mteja wa mjini hayajui, na akija Jumamosi isiyofaa anarudi akilalamika kwamba ametapeliwa. Kumtumia saa za maji kwa WhatsApp pamoja na bei hakugharimu kitu. Bei yenyewe itaje kila kitu tangu mwanzo: mashua, mafuta, ada ya hifadhi, na jaketi okozi kwa kila abiria, watoto wakiwamo. Hilo la jaketi halina majadiliano. Asiyekuwa nayo asipewe abiria.

Kinachobadilisha hesabu zote ni barabara ya Bagamoyo–Saadani–Pangani–Tanga, takribani kilomita 256, pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani. Wakenya waliliona jambo kama hili reli mpya ya Nairobi–Mombasa ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017: familia za bara zikaanza kwenda pwani bila kungoja Desemba. Lami ikikamilika, mteja wa Dar es Salaam atafika Ushongo akipitia Saadani, na vyumba vitapanda bei. Watu wa Tanga wana muda mfupi wa kujijengea nafasi kama wateja wa kudumu.

Wapo pia wanaoishi kwa foleni ya kivuko kati ya Pangani na Bweni, wauza karanga, mihogo na samaki wa kukaanga. Gari likipita darajani halisimami. Halmashauri iwapangie vibanda na maegesho kwenye ncha mbili za daraja sasa, kabla viwanja vya kando ya barabara havijaisha.