Vitabu Vitatu kwa Msomaji wa Isiolo

Wengi hapa Isiolo huniuliza wasome nini wakishamaliza gazeti. Karibuni nimesoma vitabu vitatu, nami nakupa habari zake.

Cha kwanza ni Wasifu wa Siti binti Saad, alioutunga Shaaban Robert. Siti alizaliwa 1880 katika ufukara, akauza vyungu. Lakini sauti yake ilimfikisha Bombay mwaka 1928 kutiwa katika santuri.

Cha pili ni Kuli, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka 1979. Humo wamo wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Hadithi ni ya kubuni, lakini jasho ni la kweli.

Cha tatu si cha kuletea usingizi. Ni Blood on the Runway cha S. Abdi Sheikh, cha mwaka 2007, kuhusu mauaji ya Wagalla, Wajir, Februari 1984. Serikali ya wakati ule ilitaja vifo 57. Walionusurika husema ni mamia, hata maelfu.

Hiki ndicho ninachokisisitiza. Hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 ilitubana sisi wa Isiolo pia, na wazee walioiona wanazidi kupungua. Kitabu ni cha Kiingereza. Basi wewe unayekielewa, wasimulie wazee wako kwa Kiswahili au Kiborana, kisha uyaandike watakayokujibu.