KILA MUGONJWA NA KIPIMO CHAKE



Mwaka uliopita mwenzetu mumoja aligonjwa akili. Usiku hakulala, alisema mbio mbio, aligawa vitu vyake vyote. Alipotoka lopitali alirudi na dawa. Siku moja mwanafunzi mwingine akamwambia: "Mama mudogo yangu alikunywaka dawa ingine, akapona. Acha hii yako, nitakuletea ile." Sisi wakubwa wa mwaka wa sita tulikuwa pale, tukanyamaza. Hatukujua jibu. Leo tunalitoa.

Sisi watoto wa Manika tunajua mawe: shaba, kobalti. Litiumu pia tunaisikia, kwa sababu iko mingi kule Manono, na watu wanaitia katika batri pamoja na kobalti. Lakini wengi hawajui kama litiumu iko pia dawa ya akili.

Katika mwaka 1949 munganga John Cade wa Australia aliandika habari ya wagonjwa 10 wenye wazimu wa kupanda moyo, ule wa mutu kukosa usingizi, kusema bila kupumzika na kujiona mukubwa kuliko wote. Aliwapa chumvi ya litiumu, nao wakatulia. Wa kwanza wao alikuwa amekaa lopitali miaka. Kwa miezi michache akarudi nyumbani na kwa kazi yake. Furaha kubwa! Lakini akaacha dawa, ugonjwa ukarudi. Walipompa tena, litiumu ikageuka sumu katika mwili wake, naye akafa mwaka 1950. Wakati ule waganga hawakuwa na desturi ya kupima litiumu katika damu.

Leo wanapima. Kwa wagonjwa wengi inafaa damu iwe na milimoli 0.6 mpaka 1.0 kwa litri moja. Ikipita 1.5 inaweza kuwa sumu. Munaona nafasi ni ndogo namna gani! Tena, watu wawili wakimeza vidonge sawasawa, damu zao hazitakuwa sawa, maana figo ndizo zinatoa litiumu. Muzee mwenye figo za kuchoka anapashwa kupewa kidogo. Muchimbaji anayetoka jasho siku nzima, ao mutu wa kuhara, maji na chumvi vinapunguka mwilini, na litiumu inapanda. Kwa mama mwenye mimba munganga anafikiri mara mbili. Na mahali pasipo chombo cha kupima damu, munganga mwenye akili atachagua dawa ingine. Ni kama uniforme yetu: rangi ni moja, lakini fundi anapima mabega ya kila mutu.

Lakini dawa si yote. Munganga muzuri anauliza: Unalala saa ngapi? Unafanya kazi ya usiku? Maana kwa mwenye ugonjwa huu, kukosa usingizi kunaweza kuamsha wazimu, na kubadilisha saa za kazi kunaweza kumusaidia. Unakaa na nani? Luga gani inakufungua moyo? Mwingine anaumwa kwa sababu ya kufiwa, naye anahitaji zaidi mutu wa kumusikiliza. Na mwenye kifafa hana wazimu hata kidogo. Dawa yake ni ingine.

Kule Lubumbashi kuko lopitali ya wagonjwa wa akili yenye jina la Joseph Guislain, munganga Mubeleji aliyeishi tangu 1797 mpaka 1860. Yeye alifundisha kwamba wenye wazimu wapashwa kutunzwa kama wagonjwa, si kufungwa kama wevi.

Basi, ndugu, shikeni haya. Usimupe mwenzako kidonge cha mutu mwingine. Usimushauri kuacha dawa. Yeye na munganga wake ndio watasemezana. Akitapika, akihara, akitetemeka sana ao akiyumba kwa kutembea, mupelekeni lopitali upesi, musingoje asubui. Maombi tuombe, lakini tusimunyanganye dawa kwa jina la maombi.

Na tusimwite "wazimu". Iko na jina lake, lile mwalimu anaita kila asubui, naye anaitika.