Je, Wajua? Magwiji wa Besiboli Hawastaafu

Je, wajua kwamba mchezaji aliyefariki zamani anaweza kujijengea rekodi mpya wiki hii? Babe Ruth aliacha homurani 714, ile mipira inayopigwa ikavuka uzio. Lakini kwenye ligi za kuigiza, za dadu au kompyuta, anaanza tena na sifuri, na mashabiki wanamhesabia moja moja!

Je, wajua kwamba Hal Richman wa New York alianza kubuni mchezo wa Strat-O-Matic akiwa na miaka 11? Kadi za wachezaji na dadu, basi. Ulianza kuuzwa mwaka 1961, na hadi leo watu hawabanduki mezani.

Na mwandishi Jack Kerouac, unamjua? Tangu utotoni alikuwa na ligi yake ya kubuni, timu zikiitwa majina ya magari! Takwimu aliziandika mwenyewe, na magazeti ya ligi pia.

Mwaka 1981 wachezaji wa Marekani waligoma, mechi ya nyota jijini Cleveland ikakwama. Unadhani wenyeji walilala? Waliicheza kwa dadu, uwanjani kabisa! Mimi ningelipa kiingilio.

Ted Williams alimaliza na homurani 521, ingawa vita viwili vilimla karibu misimu 5. Mrudishie misimu hiyo kwenye kompyuta, uone!

Josh Gibson je? Kwa sababu ya rangi yake hakuruhusiwa kucheza Ligi Kuu hata siku moja. Alifariki Januari 1947, miezi 3 tu kabla Jackie Robinson hajawafungulia wachezaji weusi mlango. Kwenye kadi, hakuna mrushaji anayeweza kumkwepa.

Sasa kaa vizuri, hii ndiyo niipendayo. Mwaka 1941 Joe DiMaggio alipiga mpira na kufika kituo katika mechi 56 mfululizo, rekodi ambayo haijavunjwa mpaka leo. Muujiza, sivyo? Basi mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell waliiagiza kompyuta icheze historia nzima ya besiboli mara 10,000. Zaidi ya mara 4 katika kila 10, kuna mtu aliyefika 56 au kuzipita, na kwa kawaida hakuwa DiMaggio! Mfululizo mrefu kuliko yote ulifika, haya kisia... mechi 109!