Usifute Faili Usilolijua

Katika mwaka 2001 ilienea duniani barua pepe iliyowaonya watu kwamba kompyuta zao zimeingiwa na virusi vilivyojificha ndani ya faili liitwalo SULFNBK.EXE. Mwaka uliofuata ikazuka barua nyingine, safari hii ikilitaja faili jdbgmgr.exe, lenye picha ndogo ya dubu wa kuchezea watoto. Watu walitafuta, wakayakuta kweli, wakayafuta kwa mikono yao wenyewe, kisha wakawapelekea onyo hilo ndugu na marafiki. Kumbe yote mawili yalikuwa mafaili halali ya Windows! La kwanza lilihusika na kurejesha majina marefu ya mafaili. La pili lilikuwa chombo cha waandishi wa programu za Java. Bahati nzuri hayakuwa mhimili wa mashine. Laiti wangeifuta folda ya System32, Windows isingeamka tena.

Ndugu msomaji, jambo hili linatuhusu hata leo. Familia nyingi zina kompyuta moja tu, aghalabu iliyonunuliwa ikiwa imekwisha tumika, na diski yake ni ndogo. Ikijaa, mashine huwa nzito, na kijana wa nyumbani huanza kufuta ovyo. Humo humo mna kazi za shule za watoto na hesabu za duka la mama.

Yapi basi yafutwe? Pipa la taka, baada ya kulikagua. Vilevile folda ya Temp, ambamo programu huweka maandishi ya muda, kama karani anavyopiga hesabu pembeni kabla ya kuzinakili daftarini. Funga programu zote kwanza. Faili likikataa kufutwa, linatumika, liache. Ama folda ya Windows.old, huo ni mfumo wa zamani uliohifadhiwa baada ya kuingizwa toleo jipya. Hula nafasi kubwa, lakini mashine huiondoa yenyewe baada ya siku 10. Ukiiwahi, hutaweza kurudi kwenye toleo la awali.

Njia iliyo salama zaidi ni kuiacha mashine ijisafishe. Fungua Settings, kisha System, kisha Storage, uchague Temporary files. Soma kabla ya kuweka alama, maana katika orodha hiyo huwamo Downloads, na humo ndimo wengi wetu tulimolaza vyeti na barua za kazi.

Mafaili mawili makubwa huwatia watu tamaa. Pagefile.sys huisaidia kumbukumbu ya mashine inapoelemewa, lisiguswe. Hiberfil.sys hutunza kazi yako kompyuta inapolazwa usingizi mzito. Hilo nalo halifutwi kwa mkono: asiyehitaji usingizi huo huuzima kwa amri powercfg /h off, iliyotolewa kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine, na faili likaondoka lenyewe.

Lakini kabla ya kuituhumu Windows, pekua folda ya video. Si ajabu ukaikuta harusi ya shangazi imenakiliwa mara tatu.